Ukumbi Utalipuka Jumamosi

Kazi ya sajini huyu ilikuwa kusikiliza simu za watu, na wenzake walimwita Sikio. Mwanzoni jina hilo lilimuudhi, baadaye akalizoea, na mwisho likawa kama cheo. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke wa kaunta kwenye kituo cha kawaida cha polisi, akiandika maelezo ya walioibiwa na waliopigana. Aliyemhamishia kwenye kitengo cha kupambana na ugaidi alimwambia sababu bila kuzunguka: "Wewe mtu akikupa neno, unalirudisha kama lilivyo. Wengine wanarudisha la kwao."

Kitengo kilikuwa na jengo lake, lisilo na kibao, nyuma ya ghala la vipuri vya magari, na kazi ilipangwa kwa ghorofa. Chini walikaa wapokeaji wa fununu. Hao waliongea na wananchi waliopiga simu kuripoti begi lililosahauliwa kituo cha basi au, mara nyingi zaidi, kumsema jirani waliyegombana naye kwa ajili ya ukuta. Juu yao walikuwa wasikilizaji, kwenye chumba kirefu kisicho na dirisha kilichonuka zulia bovu na jasho la masikio. Juu ya wasikilizaji kulikuwa na wachambuzi, vijana waliotoka chuo kikuu, ambao walisoma yaliyoandikwa na wasikilizaji na kuyafupisha. Ghorofa iliyofuata ilikuwa ya tathmini. Hao walisoma ufupisho na kumpa kila mtu rangi yake: kijani, njano au nyekundu. Juu kabisa walikuwa watu wa operesheni, wenye bunduki na magari ya vioo vyeusi, na mkuu wao aliyependa kuonekana kwenye habari kiasi kwamba jengo zima lilimwita Kamanda Kamera, kwa kunong'ona. Mahabusu walikuwa chini ya ardhi.

Kila mlango ulifunguliwa kwa kadi, na kadi ya ghorofa moja haikufungua nyingine. "Kila mtu ajue chake tu," waliambiwa siku ya kwanza. "Ndiyo usalama." Sikio aliona ni sawa. Mtu wa kupika hahitaji kujua nani anafua.

Alikuwa anaishi na baba yake, trafiki mstaafu, kwenye nyumba ya ghorofa yenye kuta nyembamba kama karatasi. Mzee alikuwa amesimama katikati ya magari yanayopiga honi maisha yake yote, na sasa masikio yalikuwa yamemwacha mkono. Majirani walicheka: binti anasikia mji mzima, baba hasikii hata mlango ukigongwa. Kumwambia kwamba chakula kiko mezani ilibidi umpigie kelele hadi mtoto wa ghorofa ya juu aamke na kuanza kulia.

Mwanzoni mwa mwaka alipewa namba mpya ya kusikiliza. Mwenye namba alikuwa fundi wa spika. Alikodisha vyombo vya muziki kwa harusi, misiba na mikutano ya hadhara. Namba yake ilikutwa kwenye simu ya mtu aliyekuwa anatafutwa, na mtu huyo aliwahi kumkodi kwa ajili ya harusi ya dada yake. Hilo peke yake lilitosha kumfungulia jalada.

Baada ya majuma machache Sikio alimjua Fundi kuliko alivyowajua binamu zake. Alijua anakoroma, maana alikuwa analala simu ikiwa hewani baada ya kuongea na mkewe akiwa safarini. Alijua mlango wa nyumba yao una bawaba inayolia, na kwamba kila siku anaahidi kuitia mafuta. Alijua ugomvi wao na jinsi unavyokwisha. Zaidi ya yote alijua domo lake. Fundi hakuweza kusema jambo kwa kiasi. Akipata spika mpya hakusema nimepata spika, alisema, "Nimeingiza mzigo, ukiuwasha jengo linatikisika mpaka msingi." Mteja akiuliza kama muziki utakuwa mzuri, alijibu, "Mama yangu, siku hiyo watu watalala chini. Watabebwa."

Sikio alikuwa anacheka peke yake chini ya hedfoni mpaka mwenzake wa meza ya pili anageuka kumtazama. Kisha alikuwa anaandika neno kwa neno, kama kawaida yake, na mwishoni anaongeza: anazungumzia vyombo vya muziki, hakuna jambo la kutiliwa shaka. Kila alipotuma aliamini kwamba siku moja mtu huko juu atasoma, ataona upuuzi, na atafunga namba hiyo.

Mwezi ule jiji lilikuwa linajiandaa kupokea wageni wakubwa wa mkutano. Barabara zilipakwa rangi, wamachinga wakafukuzwa, na kila kitengo kikaulizwa na wizara kimekamata wangapi. Kitengo cha Sikio kilikuwa hakijakamata mtu tangu mvua zianze. Kwenye kantini watu walianza kula haraka na kuongea kidogo.

Alhamisi asubuhi aliitwa ghorofa ya juu. Hakuwahi kufika huko. Mlinzi alimfungulia kwa kadi yake mwenyewe na kumwingiza kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali na meza ndefu. Ukutani kulikuwa na picha ya Fundi, amevaa fulana ya kazini, anacheka na mtu aliyekatwa nje ya picha. Pembeni ya picha kulikuwa na rangi nyekundu.

"Huyu ndiye Sikio letu," Kamanda Kamera aliwaambia waliokuwapo. "Ndiye anayemjua jamaa kwa sauti. Jumamosi atakuwa kwenye hedfoni atuthibitishie kuwa ni yeye." Kisha akasoma kwa sauti kutoka kwenye skrini: "Mlengwa amesema Jumamosi atalipua ukumbi. Amesema mzigo umeshaingia. Amesema hakuna atakayetoka na miguu yake."

Sikio aliyatambua maneno. Aliyaandika yeye, Jumatatu, akiwa anatabasamu. Alisubiri sentensi inayofuata. Maandishi kwenye skrini yalikuwa yamekwisha.

"Afande, naomba kusema."

"Sema, Sajini."

"Huyo mtu anakodisha spika. Jumamosi ana harusi. Alikuwa anamwambia baba wa bwana harusi kwamba watu watacheza mpaka miguu iwashinde. Ndivyo anavyoongea. Hata spika ikiharibika anasema imeuawa. Niliandika hivyo, afande, kila siku nimeandika."

Kamanda alimsikiliza kwa tabasamu la mtu mzima anayesubiri mtoto amalize kusoma shairi la shule. "Na gaidi akitaka kujificha, ajifanye nani? Muuza mabomu?"

Chumba kizima kilicheka. Mmoja wa watu wa tathmini alicheka hadi akafuta macho, na Sikio aliona kwamba hakikuwa kicheko cha furaha. Alikuwa anahakikisha bosi amemwona anacheka.

"Sajini," Kamanda alisema, sasa bila tabasamu, "kazi yako ni kusikia. Kuna watu wa kuelewa."

Kwenye ngazi alimkuta kijana mchambuzi aliyeshughulikia karatasi zake, anavuta sigara mahali pasiporuhusiwa. Walifahamiana kantini. Alikuwa anamwita shangazi, kwa sababu alisema ana sura ya shangazi yake aliyemsomesha.

"Sentensi yangu iko wapi?" Sikio alimuuliza.

Kijana hakujifanya hajui. "Ufupisho hauruhusiwi kuzidi mistari mitatu, shangazi. Niliacha yaliyo muhimu."

"Na muhimu ni yapi?"

"Ya hatari. Sisi tuko hapa kwa ajili ya hatari. Mtu akiandika kwamba hakuna kitu, nitafupisha nini?"

"Na hao wa rangi? Hawajui kusoma?"

"Wamesoma mistari mitatu. Wao hawajasikia sauti ya mtu." Akaangalia ngazi juu na chini, kisha akashusha sauti. "Fikiria mwenyewe. Ukimpa mtu kijani halafu kitu kikalipuka, nani atasimama na wewe? Ukimpa nyekundu na kisilipuke, inasemekana tumezuia. Sasa wewe ungempa rangi gani?"

Sikio alimtazama. Alikuwa kijana mzuri, amenyoa vizuri, shati limepigwa pasi. Kumbe hapakuwa na mwovu hata mmoja aliyekaa akapanga jambo hili. Kila ghorofa ilitia chumvi kidogo tu ili ijikinge, na chumvi ya ghorofa zote ilikuwa inatosha kumzika mtu.

Ijumaa alikwenda kwa msimamizi wake akamweleza. Msimamizi alisema atapeleka juu. Alipomuuliza tena jioni, alijibu kwamba juu wamepokea.

Jumamosi asubuhi Fundi alikuwa ukumbini, juu ya ngazi, akifunga spika ukutani. Simu alikuwa ameibana kati ya bega na shavu, anaongea na mkewe. Sikio alikuwa amevaa hedfoni. Nyuma yake alisimama mtu wa operesheni mwenye redio mkononi.

"Umeondoka bila kunywa chai," mke alisema.

"Nimekunywa macho yako."

"Nenda huko. Hivi bawaba utaitia mafuta lini? Jana imemwamsha mtoto."

"Leo nikirudi, mke wangu. Leo leo. Mungu ni shahidi na wewe ni shahidi."

"Ni yeye?" aliuliza mtu wa redio.

Sikio aliendelea kusikiliza. Akaulizwa tena, na mkono ukamgusa begani. "Ni yeye," alisema, "lakini anafunga spika. Anaongea na mkewe." Mtu wa redio alikuwa ameshachukua maneno mawili ya kwanza na kuyarusha hewani.

Alisikia mlango wa ukumbi ukivunjwa. Alisikia sauti nyingi kwa pamoja, shuka, shuka chini, mikono juu. Akasikia Fundi anasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuwatuliza wateja wakali, "Nashuka, wazee wangu, nashuka, msiiguse nga—" Halafu teke kwenye ngazi, kishindo, na baada ya kishindo mlio ambao hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Simu ilianguka lakini haikukatika. "Haloo?" mke aliita. "Baba watoto? Haloo? Nini hicho?" Aliendelea kuita mpaka kiatu cha mtu kilipoikanyaga simu.

"Safi," alisema mtu wa redio.

Mchana televisheni ya kantini ilimwonyesha Kamanda Kamera nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa walikuwa wamepanga nyaya, zimeviringwa vizuri. Betri za maikrofoni, zimepangwa mstari kama askari. Mashine ya kuchanganyia sauti, yenye vitufe vyake. "Hivi," Kamanda alisema akiinua kimoja baada ya kingine, "ni vifaa vilivyokuwa vitumike." Waandishi walipiga picha. Hakuna aliyeuliza vilikuwa vitumike kufanya nini. Maikrofoni yenyewe ilikuwa ukingoni mwa meza, na mtu alikuwa ameifunika nusu kwa karatasi. Maana hata mtoto mdogo angeijua.

Kulikuwa na keki. Msimamizi alimkatia Sikio kipande cha kwanza na kusema mbele ya watu, "Bila sikio hili, leo tungekuwa tunaokota maiti." Walipiga makofi. Krimu ya keki ilikuwa ya rangi ya bluu, na midomo ya wote iligeuka bluu wakiwa wanacheka. Sikio alitoka na sahani yake kama anayekwenda kuongeza soda, akafika chooni, na kutapika hadi akabaki anatapika upepo.

Jumatatu alikuta namba ya Fundi haijafungwa. Walikuwa wameongeza na ya mkewe.

"Andika kama kawaida," msimamizi alisema.

Basi akaandika. Mke alipiga kituo cha polisi cha kwanza akaambiwa hayupo. Akapiga cha pili na cha tatu. Akapiga hospitali, akaeleza urefu wa mumewe, fulana aliyovaa, kovu kwenye kidole. "Mama, hapa hatuna mtu huyo." Akapiga tena kituo cha kwanza kwa sauti ya unyenyekevu zaidi, akidhani huenda mara ya kwanza hakuomba vizuri. Akapiga chumba cha maiti. Huko alishindwa kusema alichotaka, na aliyepokea simu akakata.

Saa ya chakula, kwenye foleni ya kantini, mlinzi wa mahabusu alikuwa amesimama mbele ya Sikio na sahani yake. "Yule wa spika," mlinzi alikuwa anamwambia mwenzake, "nyonga imevunjika, bado analia. Hata maji hataki. Usiku mzima, jamani, mtu unashindwa kupumzika." Kisha akamwambia mpishi, "Niongezee mchuzi."

Sikio aliweka sahani yake chini. Mtu alikuwa analia chini ya miguu yake, na juu ya kichwa cha mtu huyo yeye alikuwa anaandika, kwa mwandiko safi, jinsi mkewe anavyomtafuta mji mzima.

Jioni hiyo alikaa mezani na baba yake bila kula. Mzee hakusikia vizuri lakini macho yalikuwa ya trafiki bado.

"Nani kakugonga?" aliuliza.

"Hakuna kitu, baba."

"Ehe?"

"Hakuna kitu!"

"Sura hiyo siyo ya hakuna kitu."

Siri ya serikali huwezi kumnong'oneza mtu asiyesikia. Sikio alitazama ukuta wa kushoto, ambapo jirani alikuwa anasikiliza taarifa ya habari, na ukuta wa kulia, ambapo mtoto alikuwa analia. Halafu akafungua mdomo na yote yakatoka. Alieleza kuhusu spika, mistari mitatu, ngazi iliyopigwa teke, keki ya bluu, nyonga na mchuzi. Alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Redio ya kushoto ilizimwa. Hata mtoto alinyamaza.

Baba yake aliendelea kutafuna polepole. "Mke wake anajua alipo?"

"Hajui!"

"Sasa mimi unanipigia kelele za nini?"

Kesho yake hakwenda kazini. Nyumba ya Fundi aliipata kwa kuuliza duka la dawa ambalo mke alikuwa analitaja kwenye simu. Alipiga hodi, mlango ukafunguliwa, na bawaba ikalia. Sikio alijikuta anafumba macho.

Mke wa Fundi alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Macho yalikuwa yamevimba. Mtoto alimshika sketi.

"Mume wako yu hai," Sikio alisema kabla ya salamu. "Ameumia nyonga. Yuko chini ya jengo letu, nyuma ya ghala la vipuri. Tafuta wakili leo, si kesho."

Mwanamke alishika fremu ya mlango. "Jengo lenu? Wewe ni nani, dada?"

Sikio alikuwa amejiandaa kusema ni askari tu, msamaria, mtu aliyeguswa. Aliona uongo huo ulivyo na harufu ileile ya ghorofa za juu. "Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza simu zenu."

"Tangu Jumamosi?"

"Tangu mwanzoni mwa mwaka."

Mwanamke hakupiga kelele. Alichukua khanga iliyokuwa begani akajifunika kifua, kisha shingo, akaikaza kama mtu aliyekutwa bafuni. "Ulisikia na siku ile ninamwambia mimba imetoka?"

"Nilisikia."

"Ukaandika?"

Sikio aliinamisha kichwa.

"Ondoka mlangoni kwangu," mke wa Fundi alisema. Halafu, Sikio alipokuwa ameshageuka, akamwita kwa sauti nyingine, kavu, ya mtu anayenunua kitu cha lazima kwa muuzaji asiyempenda. "Mbele ya jaji utasema?"

"Nitasema."

Wakili alipeleka ombi mahakamani, na kitengo kikajibu kwamba hakina mtu kama huyo. Jaji, mama wa makamo asiyependa kupotezewa muda, alimwita Sikio. Sikio akaeleza jengo lilivyo, ghorofa kwa ghorofa, na nani anapokea nini kutoka kwa nani. Wakili wa serikali aliruka na kusema hiyo ni siri ya usalama. "Ya usalama wa nani?" jaji aliuliza, akaamuru mtu aletwe na rekodi iletwe, nzima, si mistari mitatu.

Rekodi ilipigwa mahakamani kwenye spika mbili mbovu. Fundi, kwenye kiti cha magurudumu, alisikia sauti yake mwenyewe ikijigamba kwamba ukumbi utalipuka na watu watabebwa. Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Hadi inafika sehemu ya ngazi, hapakuwa na anayecheka. Jaji aliuliza upande wa serikali kama una kingine. Wakili alipekua karatasi zake kwa muda mrefu, kisha akakaa. Fundi aliachiwa siku hiyohiyo.

Kwenye korido Sikio alitaka kupita haraka, lakini Fundi alimwita. Alikuwa amekonda. Mkewe alisimama nyuma ya kiti, akitazama ukuta.

"Mke wangu anasema wewe ndiye."

"Ndiyo mimi. Naomba unisamehe, kaka."

"Nilikuwa nikitania kwenye simu, ulikuwa unasikia yote?"

"Yote."

"Ulikuwa unacheka?"

Sikio alifikiri kwamba kwa hili angalau anaweza kumpa ukweli mzuri. "Nilikuwa nacheka sana," alisema.

Fundi alimwangalia. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kitu barabarani na hataki kuinama kuona ni nini. "Twende," alimwambia mkewe.

Iliundwa kamati ya uchunguzi. Iliwahoji watu wengi na kugundua kwamba kulikuwa na kasoro za mawasiliano baina ya ghorofa. Hakuna jina lililotajwa. Kamanda Kamera alitokea kwenye habari mara moja tu, amevaa miwani ya kusomea, akasema kitengo kimejifunza. Baada ya mwezi akapandishwa.

Sikio alikuwa anangoja kufukuzwa. Badala yake aliitwa tena kwenye chumba chenye kiyoyozi. Palipokuwa na picha ya Fundi sasa palibandikwa mchoro mkubwa wa kitengo: visanduku na mishale, kila ghorofa na kisanduku chake. Kati ya wachambuzi na tathmini walikuwa wamechora kisanduku kipya, cha bluu. Kijana mchambuzi, ambaye sasa alikuwa na tai, ndiye aliyeshika kijiti cha kuonyeshea.

"Dawati la Uhakiki," Kamanda alisema. "Tunataka wewe uliongoze. Utakuwa inspekta. Wizara imefurahi, waandishi watafurahi. Askari aliyesema ukweli, sasa anaheshimiwa. Watakupiga picha mlangoni."

"Nikihakiki nikaona mtu hana kosa," Sikio aliuliza, "itakuwaje?"

"Utaandika maoni yako."

"Yatakwenda wapi?"

Kijana alisogeza kijiti kufuata mshale. "Juu, shangazi. Kwa tathmini."

"Kwa mistari mingapi?"

Kijana alitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya. Kamanda alikunja uso, kisha akaukunjua, akamsogezea birika. "Kunywa chai kwanza. Usijibu kwa hasira. Cheo hakiji mara mbili."

Sikio aliangalia kikombe, aliangalia ule mkono uliokuwa umeinua betri za maikrofoni mbele ya taifa zima, kucha zimekatwa vizuri, pete inang'aa. Hasira ingekuwa afadhali, hasira ina joto lake. Alichokuwa nacho kilikuwa baridi na utelezi, na hakikuwa cha Kamanda peke yake. Kilimhusu kijana wa tai, mlinzi wa mchuzi, wale waliocheka na kufuta macho, na mwandiko wake mwenyewe ulionyooka.

"Chai yako siinywi, afande," alisema.

Akaivua kadi yake shingoni, akaiweka mezani mbali na vikombe. Ilibidi angoje mlinzi aje kumfungulia, maana milango ya ghorofa ile hakuwahi kuwa na kadi yake. Alisimama hapo mlangoni na mgongo wake kwao, na nyuma yake akasikia Kamanda anamuuliza kijana, kwa sauti ya kawaida ya kazini, ni nani mwingine pale chini ambaye watu wa magazeti wangempenda.

Mlinzi alipofika, Sikio alishuka kwa miguu hadi nje, akavuka mbele ya ghala la vipuri na kwenda zake. Dawati la Uhakiki lilifunguliwa juma lililofuata. Alionyeshwa kwenye habari mwanamke mwingine, amesimama mlangoni, akitabasamu kwa shida kwa sababu ya jua.